Safena, Mke Mwenza wa Dada Yangu

Shemeji yangu alikuwa fundi wa suruali, na mkaidi kuliko mafundi wote niliowahi kuwaona. Ukimletea suruali ya kupunguza kiuno, kwanza anaigeuza ndani nje, anaiangalia mishono, anatikisa kichwa, kisha anakuuliza nani aliyekushonea uchafu huu. Ukimtajia, anasema, "Nilijua." Hata kama hamjui huyo mtu. Wateja walimzoea. Walikuja kwa sababu suruali akiishona yeye ilikaa, na kwa sababu mwisho wa kelele zote alikuwa anakupa na kikombe cha chai.

Mimi nilikuwa naishi kwao, yeye na dada yangu. Mungu hakuwajalia watoto. Mume wangu alipofariki, dada alinifuata mwenyewe, akakunja godoro langu, akasema, "Twende kwangu, usije ukaanza kuongea na kuta." Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa na mtu. Mimi nina mdomo, sikatai, lakini kutia chumvi sijui, na kama mtu haamini basi shauri yake.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu. Cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, meza ya kukatia, pasi, na waya uliovutwa toka ukuta hadi ukuta umejaa suruali za watu. Nyuma yake chumba cha kulala cha hao wawili, katikati ukuta mwembamba wa mbao na mlango wenye pazia. Mimi nilikuwa nalala cha mwisho, karibu na jiko. Ukiwa popote katika nyumba ile ulikuwa unaisikia cherehani.

Na alikuwa na namna yake ya kukanyaga. Mguu wa kulia ndio uliofanya kazi yote. Kwenye mshono ulionyooka anakwenda mbio, trrrrr, mpaka afike kwenye kona ya mfuko. Hapo anasimama. Sindano imezama kitambaani, kisigino kimeinuka, ncha ya vidole tu imegusa pedeli. Anageuza kitambaa polepole, anasema "haya" kwa sauti ya chini, anaondoka tena. Mbio, kimya, haya, mbio. Kutwa nzima. Kwa sababu ya joto alikuwa amekunja mguu wa suruali mpaka karibu na goti, na pale kwa ndani ya kifundo cha mguu ulikuwa unaona mshipa. Ulianza mbele ya lile fupa la kifundo, ukapanda moja kwa moja, umetuna kama kamba chini ya ngozi. Nilikuwa nikimletea chai najikuta naukodolea macho, maana ulikuwa unacheza anapokanyaga.

Kisha kifua kikaanza kumuuma. Alibana kimya kimya, kama wanaume walivyo, mpaka siku moja akaanguka juu ya meza ya kukatia na mkasi mkononi. Tukampeleka hospitali. Daktari wa moyo alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye sauti ndogo mpaka unamsogelea ndipo umsikie. Akatueleza bila kutuficha kwamba mishipa inayolisha moyo imeziba, na kwamba watatoa mshipa mguuni wauunganishe pale moyoni, damu ipate njia nyingine ya kupita.

"Mguu upi?" shemeji akauliza.

Daktari akainama, akapapasa hapa na pale, akaweka kidole pale pale kwenye kifundo cha kulia. "Huu. Mzuri sana, umenyooka."

"Huo ndio mguu wangu wa kazi, daktari."

"Mguu utabaki na kazi yake. Mishipa ipo mingi, damu itapita kwingine."

"Na huo mnaouchukua una jina?"

"Unaitwa safena. Huu ni safena kubwa. Ipo na ndogo, kwa nyuma, kwenye shavu la mguu."

"Maana yake nini?"

Daktari akacheka. Alisema wagonjwa wote wanamuuliza kama watapona, huyu ni wa kwanza kuuliza maana ya jina. "Sisi darasani tuliambiwa ni neno la Kigiriki cha kale. Maana yake kitu kilicho wazi, kinachoonekana. Kwa sababu hapa kifundoni unaonekana kwa urahisi."

"Safena!" dada akadakia. "Hilo jina la mwanamke kabisa. Angalia, fundi, usije ukaniletea mke mwenza."

Tulicheka wote, na daktari naye. Tulikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anacheka kwa kitu kidogo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alirudi nyumbani amekonda, ana kovu kifuani na kovu jingine refu mguuni. Siku alipoweza kukaa, aliomba kioo akakagua mishono ya madaktari kama anavyokagua ya mafundi wenzake. "Si mbaya," akasema. "Lakini hapa pindo wamelivuta." Nikasema moyoni, huyu amepona.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Shemeji amelala, mimi nachambua mchele jikoni. Dada akaja mlangoni, hana rangi usoni.

"Mdogo wangu, njoo usikilize."

"Nisikilize nini?"

"Njoo tu."

Akanivuta mpaka kitandani, akaniambia niweke sikio kifuani kwa mumewe. Jamani, hata kama ni shemeji yako, sikio kifuani! Nilikataa, akanitolea macho, nikainama. Mwanzoni nikasikia moyo wa kawaida, unakwenda kasi kidogo. Mara ukasimama. Kimya. Nikasubiri. Kimya. Nikainua kichwa nimtazame kama yu hai, ndipo nikaona midomo yake inacheza usingizini, bila sauti, na nilijua neno lile bila kulisikia. Haya. Nikarudisha sikio na moyo ulikuwa umeondoka tena, mbio, kwa mwendo ule ule niliousikia miaka yote kupitia ukuta wa mbao. Dada alikuwa amenishika bega, kucha zake zimeniingia nyamani, na wala hakujua.

Tulimrudisha hospitali. Walimpima kwa mashine zao, daktari akasema baada ya upasuaji kama huo mapigo huweza kuyumba, akampa dawa, akasema yatatulia. Simlaumu. Yeye alikuwa anaangalia mistari kwenye karatasi, hakuwahi kuishi na cherehani ile.

Shemeji mwenyewe hakushangaa hata kidogo. "Ulitaka mshipa ufanye nini?" alimwambia dada. "Umekanyaga maisha yake yote. Hiyo ndiyo kazi unayoijua." Alilisema kwa upole, kana kwamba anamtetea mfanyakazi wake. Kilichomsumbua kilikuwa jina. Kitu kikihamishwa kutoka mguuni kwenda moyoni, alisema, mwenye nyumba anayo haki ya kujua anakaa na nani. Basi akamwita jirani yetu, mwalimu mstaafu, mtu wa makamusi, ambaye ukimuuliza saa ngapi anakueleza kwanza saa zilikotoka.

Mwalimu alikuja jioni na vitabu viwili vikubwa kwapani. Akakaa, akavaa miwani, akamwambia shemeji kwamba daktari hakukosea, wapo wengi wanaoshikilia hiyo ya Kigiriki. "Lakini wengine wanasema Wagiriki wa kale hawakuuita mshipa huo hivyo. Wanasema jina limetoka kwa matabibu wa Kiarabu wa zamani. Wao waliuita safin. Walikuwa wanautoboa hapo kifundoni kutoa damu, wakaandika vitabu. Watu wa Ulaya walipovigeuza vitabu hivyo kwa Kilatini, neno hili wakalibeba zima zima, wakaongeza mkia wao tu. Safena."

"Na hilo la Kiarabu maana yake?" shemeji akauliza.

"Hapo ndipo ugomvi ulipo. Wapo wanaosema maana yake ni kilichojificha. Kwa sababu ukipanda juu ya goti mshipa unazama, huuoni tena."

Dada akaweka birika chini kwa kishindo. "Ngoja, mwalimu. Mshipa ni huo huo mmoja. Huyu anasema unaonekana, yule anasema umejificha?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Na hawajakubaliana mpaka leo."

"Sasa sisi tufuate lipi?"

"Mguuni ulikuwa unaonekana," shemeji akasema polepole. "Mimi nilikuwa nauona kila siku. Sasa ndio umefichwa." Akajigusa kifua. "Umetoka nje umewekwa ndani. Labda hauna raha."

Mwalimu akajifanya anatafuta kitu kwenye kamusi, akafunua, akafunua, kisha akakohoa. "Lipo na neno jingine la Kiarabu linaloandikwa vile vile. Safin, farasi aliyesimama kwa miguu mitatu, na huo wa nne amegusisha ncha ya ukwato tu. Siwezi kuapa kwamba neno la farasi na neno la mshipa ni ndugu. Ninakusomea tu kilichopo."

Shemeji alitazama chini. Sote tukafuata macho yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu wa kushoto umetulia sakafuni, na ule wa kulia, wenye kovu, umesimama kwa ncha ya vidole, kisigino juu. Alijaribu kukishusha. Tulimwona anajaribu. Kisigino kilishuka kidogo, kikainuka tena.

"Farasi akisimama hivyo," shemeji akauliza, "anakuwa anafanya nini, mwalimu?"

"Anapumzika. Wengine wanasema anasubiri kuondoka."

"Anasubiri," shemeji akasema.

Mwalimu hakumaliza chai yake. Alikumbuka ghafla kwamba ana mgeni nyumbani.

Tangu jioni ile dada alimwita mshipa mke mwenza waziwazi. "Mke mwenzangu ameamkaje leo?" anamuuliza mumewe asubuhi. Alikuwa anatania, lakini macho yake hayakutania. Akaamua cherehani iuzwe. Alisema fundi akiiona atatamani kukanyaga, na daktari amekataza, na huyo aliye kifuani naye ataitamani. Shemeji hakubisha. Alikuwa amechoka kuliko alivyotaka tujue.

Akaja binti mmoja aliyekuwa anaanza ushonaji, mchangamfu, ana futi la kupimia shingoni kama mapambo. Dada akampeleka karakana aijaribu mashine. Mimi nilikuwa chumbani na shemeji, yeye amelala chali macho wazi, mimi nakunja nguo. Binti akakaa, akakanyaga. Miguu yake ilikuwa mepesi, mwendo wake si wa fundi wetu, mfupi mfupi na wa haraka. Nikamwona shemeji anashika shuka. Chini ya taya, pale shingoni panapopiga, palianza kupiga haraka haraka, kwa mwendo wa yule binti. Binti akasimama, na pale shingoni pakasimama. Akaanza tena, napo pakaanza. Niliacha nguo, nikasogea, nikaweka kidole. Haikuwa macho yangu tu.

Binti akasimama tena, safari hii kuuliza habari za mkanda wa mashine, kama umewahi kubadilishwa, kama unapatikana madukani. Dada akamjibu. Wakaendelea kuongea. Chini ya kidole changu hapakuwa na kitu. Shemeji alinitazama, midomo yake ikatafuta neno lile, haikulipata. Uso ulikuwa unageuka rangi ya majivu.

"Kanyaga!" nikapiga kelele. "We binti, kanyaga!"

"Nini?"

"Kanyaga hiyo mashine, mama wee!"

Binti alibaki mdomo wazi, lazima aliniona kichaa. Dada hakuuliza swali. Alimsukuma yule mtoto wa watu akatoka kitini, akakaa yeye, akakanyaga kwa nguvu zake zote, na shemeji akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Binti alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Hakurudi, na nasikia alituzungumza vibaya mtaani. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Cherehani haikuuzwa. Kitanda kikasogezwa mpaka kikagusa ule ukuta wa mbao, na upande wa pili dada akakaa kitini kwa fundi. Hakuweka uzi wala kitambaa. Alikuwa anakanyaga tu, trrrrr, sindano inapanda na kushuka hewani. Mumewe alipouliza anashona nini, alijibu anapinda mashuka ya watu. Shemeji akafurahi, akasema afadhali kazi isilale kabisa. Akawa analala vizuri, rangi ikamrudia. Vile vituo vya moyo wake bado vilikuja, lakini havikukaa, maana upande wa pili wa ukuta palikuwa na mtu anayeondoka kabla yake.

Dada alikanyaga huku sufuria likiwa jikoni, anarudi mbio kugeuza chakula, anarudi tena kitini. Nilimpokea aoge, nilimpokea ale. Usiku alikuwa analala pale pale kitini, mguu juu ya pedeli, unakanyaga hata usingizini. Sikuweza kumtoa. Miguu ikaanza kumvimba. Viatu vikakataa, akawa anavaa ndara za mumewe. Nilikuwa namkanda kwa maji ya moto, naona kidole changu kinavyoacha shimo kwenye nyama, na hasira inanipanda.

"Dada, utakufa wewe."

"Na nikiacha?"

"Ukiacha, moyo utapiga wenyewe, kama mioyo ya watu wote!"

"Una hakika?"

Nilichovya tena kitambaa kwenye maji.

"Basi kama huna hakika, funga mdomo."

Nilifunga. Niliufunga mpaka asubuhi aliyosimama kutoka kitini na magoti yakamsaliti, akaanguka na kupiga paji la uso kwenye pembe ya meza. Nilimwinua, nikaona damu, na hapo nikasema liwalo na liwe. Yeye alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wa mtu. Nikafungua pazia.

"Shemeji, hakuna shuka linaloshonwa humu ndani. Anayeshonwa ni wewe. Na anayekushona amekwisha."

Sijutii. Nilimwambia yote, habari ya binti, ya kidole changu shingoni pake, ya usiku. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akainuka, akaenda karakana akijishika ukutani, akamkuta dada anajifuta damu kwa upande wa kanga. Hakumgombeza. Akapiga magoti mbele yake, kazi iliyomchukua muda, akaupandisha mguu wa dada pajani kwake, akachukua futi akapima kifundo, kama anavyompima mteja. Alisoma namba kimoyomoyo. Kwa ndani ya kifundo, chini ya ule uvimbe, mshipa ulikuwa umetokeza, umepinda na umekuwa mweusi. Akaweka kidole juu yake.

"Bibie," akasema, "wako nao umeanza kuonekana."

Dada akalia. Sijawahi kumwona akilia vile, hata siku ya kumzika mama.

"Ningekuacha ufe?" alisema. "Nikae tu nisikilize?"

"Mguu ulikuwa wangu, kazi ilikuwa yangu. Nani alikupa wewe?" Akamfuta machozi kwa lile futi. "Unacho kitambaa?"

"Cha nini?"

"Nikushonee gauni."

Mimi nilicheka kwa mshtuko. Shemeji hakuwahi kushona gauni. Alikuwa akisema suruali ina akili, gauni ni kelele tupu, na dada alipeleka nguo zake kwa fundi mwingine mtaa wa pili kama mtu anayekwenda kwa hawara. Nikamwambia, "Wewe, gauni?"

"Mimi, shemeji. Nitakanyaga mwenyewe, na nikimaliza nimemaliza. Na baada yangu sitaki mtu akae kwenye kiti hiki kunikanyagia. Mmenisikia wote wawili?"

Tulimsikia, na tulimwelewa.

Akakata kitambaa cha dada, cha rangi ya kijani, akakaa kitini. Alipoweka mguu kwenye pedeli alifumba macho kidogo, na mimi nilimwona anatulia, ndani na nje. Alikwenda taratibu. Alinung'unika juu ya mikunjo, akalaani marinda, akauliza mwanamke anahitaji nguo pana kiasi gani kwani anahamia humo. Dada alikaa kwenye kigoda karibu naye, bandeji kwenye paji la uso, anampa pini moja moja. Mchana gauni lilikuwa limebaki pindo.

"Fundi," dada akasema, "niwekee mfuko."

"Gauni lina mfuko?"

"Langu linao."

Akaweka mfuko. Na kona zake, na vituo vyake. Akarudi kwenye pindo.

"Na upande huu."

Akamtazama, akaweka. Kisha dada akataka mfuko wa ndani, wa siri. Kisha akasema mikono ni mifupi, anaona baridi. Kisha akaona kola ingependeza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi, na hapo ndipo nikamwelewa dada yangu anafanya nini. Nikaweka ndoo chini, nikasogea.

"Shemeji, lakini hiyo kola imekaa upande. Fumua."

"Imekaa upande wapi?"

"Mimi naona. Fumua."

"Nyie wawili mnaniona mtoto," akasema, lakini akafumua.

Siku ile ikaisha gauni halijaisha, akalala palepale, kichwa juu ya meza ya mashine, mguu wake mwenyewe kwenye pedeli ukichezacheza. Asubuhi dada akataka kanda ya kiunoni. Nikatoa kitambaa changu mwenyewe tukasema liwekwe bitana. Likawekwa. Gauni lilikuwa linakuwa zito, lina mifuko mpaka mgongoni, hakuna mwanamke mwenye akili angelivaa barabarani, na hatukuwa tunacheka tena. Sindano ikamchoma shemeji kidole, akakifyonza, akaendelea. Jasho lilimtiririka hata pale dirishani penye upepo. Kila kituo cha kona kilikuwa kirefu kuliko kilichopita, mguu umesimama kwa ncha, na sisi wawili tumebana pumzi, mpaka aondoke. Mara moja aligeuza uso akamtazama dada, na uso ule ulikuwa wa mtu anayeumwa sana na hataki kusema.

Dada alimtazama muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono akalishika gauni, likiwa bado chini ya sindano, akalipapasa mfuko kwa mfuko.

"Fundi."

"Naam, bibie."

"Limenitosha."

"Hutaki mfuko mwingine?"

"Sina tena cha kuweka."

Akaitikia kwa kichwa. Akapinda pindo la chini, mzunguko mzima, polepole, mshono umenyooka kama wa suruali. Alipofika mwisho alikata uzi, akautoa mkono. Kisigino cha kulia kikashuka, mguu wote ukalala juu ya pedeli. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, amemkumbatia, sikio mgongoni kwake, macho yamefumbwa. Suruali za watu zilikuwa zimening'inia kwenye waya, na nje mtu alikuwa anafagia.

Tukasubiri.

Aliyeshindwa kusubiri ni mimi. Mimi niliyesema mioyo inapiga yenyewe, mimi niliyefungua pazia. Nilijitupa sakafuni, nikaingia chini ya mashine, nikausukuma mguu wake pembeni, nikaishika ile pedeli kwa mikono miwili nikaanza kuisukuma juu na chini, juu na chini, na cherehani ikaitika juu ya kichwa changu, na mimi naita shemeji, shemeji, shemeji. Sijui niliisukuma kwa muda gani. Mikono iliniwaka, ngozi ya viganja ikachubuka, na bado nilikuwa nasukuma.

Dada alikuja akapiga magoti pembeni yangu, kwa ile miguu yake. Akaviondoa vidole vyangu kwenye pedeli, kimoja kimoja.

"Acha, mdogo wangu," akasema. "Acha. Amekwishashuka."